Shangazi, yule bibi wa kwenye simu anaitwa Calypso Rose

Shangazi, shikamoo.

Siku ile tulipokuwa tunatazama simu yangu uliniuliza, "Huyu bibi ni nani, na nani kamruhusu kukata kiuno hivyo na umri wake?" Bando likakata kabla sijakujibu. Haya, nakujibu sasa: ni mwimbaji wa kalipso, muziki wa Trinidad na Tobago, visiwa vya Karibi.

Jina lake la nyumbani ni McCartha Linda Sandy-Lewis. Alizaliwa 1940 kijijini Bethel, kisiwa cha Tobago, na alipofika miaka 9 akapelekwa Trinidad kulelewa na ndugu. Alianza kutunga akiwa binti mdogo, baada ya kumwona mwizi akimpokonya mama mmoja miwani. Miwani, shangazi, usoni kabisa! Kalipso ndivyo ilivyo: jambo likitokea linatiwa kwenye wimbo, na anayesemwa anajijua. Wewe uliyekulia kwenye mipasho huhitaji kuelezwa zaidi.

Baba yake Rose hakutaka kusikia. Alikuwa mchungaji wa Wabaptisti wa Kiroho, na kwake kalipso ilikuwa muziki wa shetani. Sasa sikiliza: kanisa hilohilo serikali ya kikoloni ililipiga marufuku Trinidad tangu 1917 hadi 1951, kwa madai kwamba ibada zao zina makelele. Aliyekatazwa kupaza sauti akamkataza mwanawe. Hilo nimelifikiria kuliko mataji yote ya Rose.

Mataji nayo yapo. Mwaka 1977 alitwaa Road March, taji la wimbo unaopigwa zaidi barabarani siku za kanivali, mwanamke wa kwanza kulipata. Mwaka uliofuata akalitwaa tena, na juu yake akashinda shindano kubwa la kalipso. Hapo waandaaji wakakwama, maana cheo chenyewe kiliitwa Mfalme wa Kalipso. Taji la Malkia, lile la wanawake peke yao, alishalivaa. Hili halikuwa hilo. Ikabidi wabadilishe jina la cheo, wakachagua neno linalomfaa mwanamke na mwanamume pia. Mimi hapo nilipiga kigelegele peke yangu chumbani.

Ametunga nyimbo zaidi ya 800. Mmojawapo ni wa mtumishi wa ndani anayemkatalia bibi mwajiri wake ujira mdogo. Ukiusikia utamkumbuka yule dada aliyekuwa kwa jirani yako, aliyeondoka na ndoo ya maji bado iko mlangoni.

Saratani imempata zaidi ya mara moja, akapona. Mwaka 2017 Wafaransa wakampa tuzo kwa albamu yake Far From Home. Ile video tuliyoitazama ni ya tamasha la Coachella, Marekani, 2019, akiwa na miaka 78.

Nimeshakuhifadhia yote kwenye simu ya mjukuu wako, haihitaji bando. Mwambie akubonyezee, ila usimwambie mjomba kuwa ni mimi.