Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mbeya

Ndugu wanachama,

Vikao vinne vimefanyika, semina ya Iringa imefanyika, na tangazo la redio kuhusu sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu limerushwa. Mnayajua, siyarudii.

La kusemea ni kipeperushi chetu kuhusu saratani ya kamba za sauti. Imesemwa pembeni, si kikaoni, kwamba kamati imeandika mambo ya kizamani kwa kushauri saratani changa ya kamba za sauti ipigwe mionzi kwenye zoloto lote (kisanduku cha sauti kooni), ilhali madaktari wa Rotterdam, Uholanzi, wanalenga kamba moja yenye ugonjwa. Rasimu niliiandika mimi, nami ndiye nitakayejibu.

Njia ya Rotterdam hatukuikana. Ni grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 58.08 kwa mara 16, yaani 3.63 kila mara. Kamba ya pili isiyo na ugonjwa na mishipa ya karotidi, ipelekayo damu kichwani, huepushwa na sehemu kubwa ya mionzi, koo haliungui sana, na mara 16 si 28 za kipeperushi chetu. Kwa mgonjwa wa Tukuyu anayelala kwa ndugu Dar es Salaam, tofauti hiyo ni nauli na chakula cha wiki mbili.

Tatizo ni kwamba zoloto halitulii. Mtu akimeza mate hupanda kama sentimita mbili, kisha hushuka. Uwanja wa mionzi wa sentimita 5 kwa 5 au 6 kwa 6, kutoka kulia na kushoto, huvumilia hilo. Mionzi ya kulenga haivumilii, na palipo na mara 16 tu, kila mara iliyokosa shabaha ni hasara kubwa. Hivyo inadai barakoa iliyobana ya kutuliza kichwa na shingo, picha ya siti skani juu ya mashine yenyewe kila siku kabla ya kupiga, na mgonjwa aliyefundishwa kutomeza. Pasipo picha ya kila siku, kulenga ni kubahatisha. Tena uvimbe uliofika kona ya mbele, kamba mbili zinapokutana, sisi hatushauri ulengwe upande mmoja. Hata kwa uwanja mpana kona hiyo iko karibu na ngozi na hewa, dozi hupungua kirahisi. Kwa shingo nyembamba bolasi, tabaka linalowekwa juu ya ngozi ili dozi isipungue hapo, isisahauliwe.

Na “zoloto lote” si shingo nzima! Mishipa ya limfu ya kamba za sauti ni haba, saratani changa huwa haijafika kwenye tezi za shingo, hivyo tezi haziguswi. Tuliandika grei 63 kwa mara 28 kwa sababu jaribio la Japani la 2006 lilipata kwamba saratani ilidhibitiwa kwa miaka mitano kwa asilimia 92 ya waliopewa grei 2.25 kila mara, dhidi ya 77 ya waliopewa grei 2.

Rasimu iliposomwa Uyole tulikuwa wanachama 9 kati ya 46. Wanaolalamika leo hawakuwamo.

Ada: waliolipa 17, zimeingia shilingi 340,000, zinadaiwa 580,000. Kipeperushi kingali kwa mchapaji. Mwakani tunatarajia kufika Njombe na Vwawa, hali ikiruhusu.

Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti