Mieleka na pigo lisilouma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa hapa Kigoma aliyeandika kwamba mieleka ya kulipwa ya zamani ilikuwa ya kusinziza, na kwamba vijana wa siku hizi wanaoruka kamba na kupinduka hewani ndio walioufanya mchezo huo ustahili kutazamwa. Sina ugomvi na kasi. Ugomvi wangu ni na pigo lisilouma.

Mimi niliijulia mieleka katika kibanda umiza kimoja cha Ujiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, jenereta likinguruma nje na sisi tumebanana kwenye mabenchi, na karibu hapakuwa na mtu kati yetu aliyefahamu Kiingereza cha watangazaji. Hata hivyo hatukuhitaji mkalimani. Ric Flair, mwanamieleka wa Marekani, alipompiga mtu gotini, akalirudia goti lile lile, kisha mwishowe akamfunga miguu kwa umbo la tarakimu 4, kila aliyekuwemo kibandani, pamoja na muuza kahawa aliyeingia kudai fedha zake, alielewa kwa nini yule mtu hawezi tena kusimama. Kesho yake watoto walichechemea mchangani pale Kibirizi wakiigiza. Waliigiza maumivu, si mruko.

Msomaji huyo amedai kwamba mwanamieleka mzito na mzembe wa miguu hana la kumwonyesha mtu. Basi na atazame WrestleMania ya tatu, tamasha kubwa la mieleka la Marekani lililofanyika Machi 1987 huko Pontiac, Michigan, ambako Hulk Hogan alipambana na Andre the Giant, jitu lililotangazwa kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 230 na ambalo wakati huo mgongo wake ulikuwa mgonjwa kiasi kwamba hata kutembea kulikuwa kazi. Mapema kabisa Hogan alijaribu kumnyanyua, nguvu zikamwishia, jitu likamlalia. Tangu dakika hiyo ukumbi mzima ulikuwa unangoja jambo moja tu, na lilipotimia, kule kubwagwa mara moja kulitosha kuwainua watu vitini. Leo mtu anabwagwa kwa kichwa, anainuka kabla hujameza mate, anambwaga mwenzake vivyo hivyo, naye anainuka. Ikifika mara ya kumi hakuna anayeshtuka, na kosa si la mtazamaji.

Usiku huo huo Randy Savage na Ricky Steamboat walicheza kwa kasi kubwa, wakabanana mabega chini ili kushinda mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na yote hayo yalichukua dakika zisizofika 15. Lakini Savage alikuwa amekwisha kumwumiza Steamboat koo kwa kengele miezi kadhaa kabla, na kila mbio waliyokimbia ilirudi kwenye kisasi hicho. Kwa hiyo anayesema kasi imezaliwa jana amekosea. Wameksiko wameruka tangu enzi za mababu zetu, na Mjapani Tiger Mask alipokutana na Mwingereza Dynamite Kid jijini Tokyo mwaka 1981, Wajapani waliona mambo ambayo hata leo yangejaza simu za vijana wetu. Mwaka 1997 Rey Mysterio aliruka kama panzi mbele ya Eddie Guerrero, ila Guerrero muda wote alikuwa anamvuta chini na kuichana barakoa yake, kwa kuwa barakoa ndiyo iliyokuwa imewekwa rehani: Mysterio akishindwa, angeivua. Mruko wa namna hiyo una sababu.

Mabishano haya hayakuanzia hapa kwetu. Mwaka 2016 Will Ospreay na Ricochet walicheza Tokyo pambano ambalo kuna wakati walipinduka pamoja na kutua pamoja wakitazamana, mfano wa wachezaji wa sarakasi, na mbabe wa zamani Vader akawakosoa hadharani. Ubishi ukaishia ulingoni London mwaka huo huo, kati ya Vader na Ospreay, mzee akashinda. Matokeo ya mieleka hupangwa, kwa hiyo ushindi ule haukuthibitisha lolote, lakini nakiri kwamba niliufurahia.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wa kasi hulipitia haraka. Dynamite Kid, ambaye wengi wa warukaji wa leo ni wanafunzi wake hata kama hawamjui, alimalizia maisha yake kwenye kiti cha magurudumu.

Namwomba msomaji mwenzangu tukutane kibandani Ujiji jioni yoyote aitakayo, tutazame kanda moja ya Flair na Steamboat ya mwaka 1989 kutoka kengele ya kwanza. Kiingilio chake nitalipa mimi, ilimradi asiguse simu yake mpaka kengele ya mwisho.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma