Kasha la Bibi na Nyumba ya Tudor: Barua kwa Mwanangu

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Wa baada ya salamu, sisi huku tu wazima, ila babako magoti yanamsumbua kidogo tangu kusi ilipoanza kuvuma. Picha za nyumba yako mpya ya mtaa wa Tudor nimezipata, nimezitazama moja baada ya moja, kisha nikamwomba mpwa wako anikuzie ile ya sebule ili nione umekusudia kuweka nini na wapi. Umeniuliza mambo mawili: iwapo nitakupa kasha la marehemu bibiyo, na iwapo ununue vile vitu vya kale ulivyoviona katika maduka ya Ndia Kuu ili sebule yako ifanane na nyumba tuliyokulea. La kwanza nimelikubali, na babako pia amelikubali. La pili ndilo lililonifanya niiweke simu kando nikachukua kalamu, kwa kuwa halijibiki kwa ujumbe wa mistari miwili.

Nianze kwa kukwambia kwamba sebule yako haitafanana na nyumba hii, na sababu si fedha. Nyumba hii ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mkoko. Boriti ya mkoko ikitakiwa kubeba ghorofa haiwezi kuwa ndefu sana, haizidi mita tatu hivi kutoka ukuta hadi ukuta, kwa hiyo mafundi wa zamani hawakuwa na hiari: chumba kilikuwa chembamba na kirefu, dari ikainuliwa juu ili hewa ipite, na vyombo vyote vikapangwa kuandama ukuta. Kuta zenyewe zina unene wa karibu nusu mita, ndiyo maana ziliweza kuachiwa vidaka vya kuwekea sahani za kichina, misahafu na taa. Wewe una sebule ya mraba, dari ambayo babako akinyoosha mkono anakaribia kuigusa, na ukuta wa matofali ya inchi sita ambao ukijaribu kuuchimba kidaka utatokea kwa jirani. Vitu vilivyotengenezwa kwa chumba cha aina ile vikiingizwa katika chumba cha aina hii huonekana kama wageni waliofika siku isiyokuwa yao. Kile kitanda cha samadari ulichonitumia picha yake, chenye nguzo nne na chandarua juu, ni kizuri sana, nami nimekitamani. Lakini nguzo zake zitafika darini kabla ya miguu kufika sakafuni. Kiache.

Kwa maoni yangu, kitu cha kale kinachoingia katika nyumba ya mtu anayeishi humo lazima kipewe kazi. Nimeingia katika nyumba za watu hapa mjini ambao wametundika masinia sita ya shaba ukutani, wakapanga madele ya kahawa manane juu ya rafu kwa urefu wake, la mwisho dogo kama kikombe, na mgeni akikaa hana pa kuweka chai yake. Nyumba hizo hunikumbusha mapokezi ya hoteli za Pwani ya Kusini. Dele moja linalopikiwa kahawa siku ya Idi ni bora kuliko manane yanayopanguswa vumbi. Hali kadhalika mrashi: ukiwa nao mmoja, utie marashi, uwapokee nao wageni kama alivyofanya bibiyo. Ukiwa nao mitano, huo ni mzigo wa yule binti anayekuja kukusafishia siku ya Jumamosi.

Sasa kasha. Unalijua kwa nje, lakini sidhani umewahi kuliangalia kwa karibu, kwa sababu ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilikalia. Ni la msaji, mbao zilizoletwa kutoka Bara Hindi kwa majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, na uso wake wa mbele umepigiliwa misumari ya shaba yenye vichwa mviringo, iliyopangwa katika maumbo ya maua na nusu duara. Chini kuna droo tatu. Ukifungua kifuniko, upande wa kushoto utaona kijisanduku chembamba chenye kifuniko chake. Humo bibiyo aliweka udi, na hadi leo nikikifunua harufu inanipanda puani kabla sijaona kitu. Ukichunguza vichwa vya misumari utaona havilingani: kimoja kimebonyea, kingine kimeinuka, na mstari wa tatu kutoka juu umepinda kidogo kuelekea kulia, kana kwamba fundi aliitwa kula katikati ya kazi kisha akaendelea kwa macho bila kupima. Mstari huo mimi naupenda kuliko maua yote.

Liweke chini ya dirisha lisilopigwa na jua la alasiri, na uliache mbali na ukuta kwa upana wa vidole vinne. Ukuta wowote wa Mombasa hutoa jasho wakati wa masika, uwe wa matumbawe au wa saruji, na kitu kilichobanwa ukutani huota ukungu mgongoni bila mwenyewe kujua. Miguu ya kasha ilikusudiwa kuliinua kutoka sakafuni kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo usikubali mtu akushauri uikate ili liwe chini kama meza ya kahawa. Televisheni usiiweke juu yake. Kasha hufunguliwa kwa juu, na likizibwa lisifunguke litabaki kuwa meza nzito tu. Tia ndani kanga zako, mashuka ya wageni, na zile nguo za mtoto ulizozihifadhi, ulifungue angalau mara moja kwa wiki lipate hewa. Ukitaka kulikalia, tandika mto mwembamba. Wala usijali kelele za bawaba, zililia hivyohivyo tangu mimi ni bi harusi.

Kuhusu matunzo, nisikilize vizuri hapa, kwa sababu nilishakosea mimi mwenyewe. Unaikumbuka meza ya msaji ya babu yako mzaa baba? Miaka mingi iliyopita nilimlipa fundi mmoja aifanye mpya. Aliipiga msasa wa mashine siku nzima, rangi ile ya asali iliyokolea ikaondoka yote, kisha akaipaka vanishi nzito mara tatu. Siku ile iling'aa kama kioo nami nikajisifu kwa majirani. Msaji una mafuta yake ya asili na haupendi vanishi. Masika mawili yalipopita, ile vanishi ikaanza kubambuka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Babako hakusema neno, na nilitamani angesema. Basi kasha usilipige msasa. Lipanguse kwa kitambaa kikavu, na mara mbili kwa mwaka lipake nta ya nyuki kidogo sana kisha ulisugue mpaka kitambaa kiteleze. Mafuta ya nazi watakayokushauri mashangazi zako usiyatumie, kwa kuwa hayakauki: hubaki yananata, yakakusanya vumbi na kuwaita sisimizi. Shaba ya misumari iache na weusi wake. Ukilazimika kusafisha sinia, nusu ya ndimu na chumvi zinatosha, uoshe kwa maji na ulikaushe papo hapo, lakini ndimu isiguse mbao. Ukiona unga mwembamba kama wa muhogo umemwagika chini ya mguu, tambua kwamba kuna mdudu anabungua, unipigie simu siku hiyohiyo.

Nakuja kwenye ununuzi. Sikukatazi kununua, ila sitaki ununue kwa haraka ya kujaza pembe. Kaa na kasha peke yake miezi mitatu, uone chumba chenyewe kinadai nini. Huenda kikadai kiti kimoja, au kioo, au kisidai kitu.

Ukishaamua, tazama chini ya kitu na nyuma yake kabla ya kutazama uso wake, maana anayeghushi hutia bidii pale panapoonekana. Nami nililipia elimu hiyo: nilinunua kijikasha nilichoapiwa kuwa kina umri wa miaka mia moja na zaidi, nikakipakata kutoka dukani hadi nyumbani kama mtoto mchanga. Babako akavaa miwani, akafungua kifuniko, akaniuliza kwa upole kama miaka mia iliyopita kulikuwa na skrubu zenye alama ya msalaba kichwani. Skrubu hizo hazikuenea ulimwenguni kabla ya miaka ya 1930. Tulipokwangua kidogo upande wa ndani, ule weusi wa kale ukatoka kwenye ukucha, ukanuka rangi ya viatu. Kijikasha chenyewe bado tunacho, ndicho kinachotiwa vitunguu jikoni, na kwa vitunguu hakina kasoro. Msumeno nao husema kweli: mbao iliyopasuliwa kwa mkono ina mikwaruzo iliyonyooka isiyolingana, na iliyopitishwa kwenye mashine ya duara ina alama zilizopinda kama upinde.

Kile kiti cha enzi cha mpingo ulichokisifu ni jambo jingine. Viti vile vyenye migongo iliyosukwa kwa kamba na vipande vyeupe vilivyopachikwa ni fahari ya Lamu na visiwa vyake, na kimoja kingekaa vizuri mkabala wa kasha. Lakini chunguza vile vipande vyeupe kwa kioo cha kukuzia. Mfupa una vitone na vimistari vidogo vyeusi, kama mtu aliyegusisha ncha ya kalamu. Pembe ya ndovu ni laini, na mahali ilipokatwa kwa kukingama utaona mistari inayopishana kama wavu. Ukiona wavu, rudisha kiti mahali pake, aga kwa adabu, utoke. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haina mzaha juu ya pembe, na kauli ya muuzaji kwamba kitu hicho ni cha tangu zama za mababu haitakuokoa.

Na ule mlango uliochongwa, ambao umeambiwa utakatwa, uwekewe kioo juu, uwe meza, sitaki uingie nyumbani kwako. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inauhesabu mlango, au miimo yake, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Hauuzwi wala hauhamishwi kiholela kama kabati. Hata sheria isingekuwapo, ningekukataza. Mlango hauzaliwi dukani, bali umeng'olewa katika nyumba ya mtu, na mimi nimeishi katika mtaa huu muda wa kutosha kuziona nyumba tatu zikibaki na mageti ya chuma pale palipokuwa na mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, uliochongwa minyororo na maua ya yungiyungi. Kila nikipita natazama upande wa pili.

Kabla ya kununua chochote, chukua asubuhi moja uende Fort Jesus. Najua mlipelekwa na shule, na najua mlichokumbuka ni mizinga na maandazi. Safari hii ingia kwenye maonyesho usimame mbele ya vyombo vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati ngome imezingirwa na Waomani. Tazama rangi ya buluu ya sahani halisi ya kichina ilivyozama chini ya utando wake unaong'aa kama kioo, wala haikukaa juu kama iliyochapishwa. Tazama pia kitako cha sahani kilivyo kikavu na chenye chembe za mchanga. Ukilizoesha jicho lako kwa nusu saa pale, utapunguza fedha nyingi za majuto Ndia Kuu.

Kasha litakuja Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, kwa pikapu ya jirani yetu pamoja na hamali wawili. Urefu wake ni futi tano kasoro inchi mbili, kina chake futi mbili. Tafadhali pima ngazi zenu, hasa pale zinapopinda kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, unijulishe kabla ya Ijumaa, maana hamali wakikwama pale katikati bei itapanda nao. Droo nimezitoa, zitakuja peke yake zikiwa zimefungwa kwa mashuka.

Katika droo ya kati utakuta senti kumi ya zamani, ile yenye tundu, ya mwaka 1942, nimeifunga kwa uzi mwekundu isipotee. Ilikuwa chini ya mguu wa mbele wa kulia tangu nilipoolewa katika nyumba hii, kwa sababu sakafu yetu imelala upande na bibiyo hakupenda kifuniko kijifunge chenyewe. Sakafu yako ni ya vigae, huenda haiihitaji. Lisimamishe kasha kwanza bila hiyo, ulisukume kidogo kwa mkono, uone kama linacheza.

Ni mimi mamako.