Umelipia uhariri, umerudishiwa maswali

Lalamiko hili haliishi kwetu sisi wahariri, na safari hii mteja amesema wazi kwamba tumemla pesa. Alileta riwaya ya fantasia ya watoto wa miaka 9 hadi 12, maneno 40,000, kuhusu kijana anayeandamwa na mkosi. Alitarajia tahajia isafishwe. Mswada umerudi na maswali pembeni mengi kuliko masahihisho.

Maswali hayo ndiyo kazi yenyewe. Mswada wa namna hii tunausoma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili tunafungua daftari la mikosi, lenye safu tano: sura, mkosi uliotokea, chanzo chake, aliyeumia, na ulivyoisha. Sura ya 2 ikisema mkosi huingia katika chochote anachokigusa kwa mkono wa kushoto, sura ya 9 hawezi kuvuka mto na taa ya bibi yake mkono huohuo, na taa isizimike. Programu ya tahajia haioni kosa hapo, maana kila neno limeandikwa sawasawa. Mtoto wa miaka 10 ataliona, na kuanzia hapo hataogopa tena.

Daftari hilohilo linaonyesha pale mikosi inapojirudia. Kijana akianguka mara tano katika sura tatu, anguko la tatu halichekeshi tena. Kila mkosi uzidi uliotangulia, au umgharimu mtu mwingine: rafiki avunjike mkono, duka la mama life. Na bahati ikimwingiza kijana matatani, isiwe bahati tena inayomtoa. Hirizi ikiokotwa njiani sura ya mwisho, tunaurudisha mswada. Kuitaja hirizi hiyo mapema, sura ya 4, ni kazi ya ukurasa mmoja, lakini ni kazi ya mwandishi. Sisi tunamwonyesha mahali.

Halafu kuna ngeli, na hapa ndipo saa zinapokwenda. Mkosi ukiwa hali tu, “ulimwandama”. Ukigeuka kiumbe chenye sauti, tunauandika kwa herufi kubwa na kuupa upatanisho wa mtu: “Mkosi alicheka”. Badiliko hilo liangukie kwenye sentensi ileile ambayo msomaji anatambua kuwa kitu hiki kina uhai, si ukurasa mmoja kabla. Zimwi nalo: “zimwi likacheka” lina ukubwa na kitisho ambacho “akacheka” halina. Yote mawili yanakubalika, ila ukichagua moja lishike hadi mwisho.

Njia ya mkato inayowaponza wengi ni kubadilisha maneno yote kwa mpigo kwenye kompyuta, usiku mmoja kabla ya kwenda kwa mchapaji. Mwandishi mmoja aliamua Ali awe Juma, bila kuiambia programu itafute neno zima. “Alikimbia” ikawa “Jumakimbia”, “swali” ikawa “swJuma”. Hata ukichagua neno zima, upatanisho haufuati: badili “mkosi” kuwa “nuksi” na utabaki na “nuksi wake ulimfuata”, badala ya “nuksi yake ilimfuata”. Kuyasaka makosa hayo mstari kwa mstari kunachukua muda mrefu kuliko uhariri wa awali, na tunalazimika kuutoza.

Kosa likigunduliwa baada ya kupanga kurasa, ni ghali zaidi. Aya moja ikiongezwa sura ya 3 inaweza kusukuma kurasa zote zinazofuata, picha zikahama na namba za yaliyomo zikapotoka. Baada ya kuchapa ndiyo hasara kubwa: kwa kawaida kurasa 16 hukaa kwenye karatasi moja kubwa inayokunjwa, kwa hiyo kosa la mstari mmoja linaharibu kurasa zote 16, mara idadi ya nakala. Ndiyo maana bei yetu hatuishushi kwa kuruka daftari la mikosi.

Ukileta mswada, leta faili la Word, si PDF. Weka ukurasa mmoja mbele unaoeleza kanuni za mkosi wako: unaanzia wapi, unamgusa nani, unakomea wapi, na nani analipa gharama yake. Ukurasa huo unapunguza maswali sana. Na ukishayajibu yaliyobaki, kuusoma mswada upya kumo ndani ya bei ileile uliyolipa.