Barua kwa Idi: kabla hujachanganya gundi

Mdogo wangu Idi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Barua yako nimeipata, na mchoro nimeupitia ukurasa kwa ukurasa. Kimashua cha mita tatu ni chaguo zuri. Achana na ile ya mita tano, ndugu yangu, hutaimaliza.

Kwanza pima mlango. Usicheke. Chombo chako kina upana wa mita 1.3 na kimo cha kama sentimita 50, kwa hiyo kikilazwa ubavu kinapita mlango wa sentimita 80. Ila hesabu na ile kona ya kutokea nje, maana chombo cha mita tatu hakipindi. Wapo waliolazimika kuvunja ukuta.

Njia iliyo kwenye mchoro wako huku wanaiita kushona na kugundisha. Iliyoitangaza sana ni mashua ya Mirror, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1962 na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell: mita 3.3, mwili wake kilo 45 na nusu, ikakusudiwa watu waijenge nyumbani. Huhitaji kupinda mataruma kwa mvuke wala kuunda mifupa kwanza. Unakata vipande vya plaiwudi, unavifunga kwa waya, na umbo linatokea lenyewe, kwa kuwa kingo mbili zenye mikunjo tofauti zikilazimishwa kukutana ubao hauna budi kujikunja. Shida ni kwamba umbo hilo halishikiliwi na chochote cha maana mpaka gundi ikauke. Ikishakauka, kombo iliyomo ni yako mpaka mwisho.

Plaiwudi nne za milimita 6, zenye kipimo cha sentimita 244 kwa 122, zinatosha. Tafuta ya daraja la BS 1088, kipimo cha Kiingereza cha plaiwudi ya vyombo vya majini, lakini usiuamini muhuri peke yake. Kata kipande kidogo, kichemshe saa moja, kikauke, rudia mara mbili tatu. Tabaka zikiachana, rudisha. Tazama pia kingo zote: ukiona pengo jeusi katikati ya tabaka, maji yataingia humo na ubao utavunjika hapo hapo unapoupinda.

Vipande vya ubavuni ni virefu kuliko plaiwudi, kwa hiyo utaunga kwa hanamu ya moja kwa nane, yaani mteremko wenye urefu mara nane ya unene wa ubao, milimita 48. Panga mbao nne ngazi ngazi, kila moja imerudi nyuma milimita 48 kutoka ile iliyo chini yake, zibane, halafu piga randa zote kama mteremko mmoja. Tabaka za plaiwudi ndizo zitakuongoza. Randa ikienda sawa, zinajitokeza kama mistari iliyonyooka, mweupe, mweusi, mweupe, kutoka upande hadi upande. Mstari ukianza kuyumba kama nyoka, umechimba. Acha hapo ulipo, punguza kwingine. Ukiona mistari imenyooka, huna haja ya rula.

Kata vipande vya kulia na kushoto vikiwa vimebanwa pamoja, ili viwe pacha. Toboa matundu milimita 10 kutoka ukingoni, kila sentimita 15 kwenye sehemu zilizonyooka, na kila sentimita 7 karibu na omo, yaani mbele ya chombo, ambako ubao unapindwa kwa nguvu. Waya uwe wa shaba, unene wa kama milimita 1.2, fundo likae nje. Usikaze waya hata mmoja mpaka wote umeshafungwa. Anayekaza mmoja mmoja anafika omo na kukuta kipande cha kulia kimempita mwenzake sentimita nzima, kisha analaumu mchoro.

Sasa nisikilize vizuri. Tia viwambo, yaani zile kuta za kukata chombo kwa ndani, na vijiti vya muda vya kushikilia upana. Chukua fito mbili zilizonyooka, za mita moja na nusu. Moja ilaze juu ya kingo karibu na omo, nyingine karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo. Piga goti nyuma ya chombo, funga jicho moja, shusha kichwa taratibu mpaka fito ya karibu ikaribie kuificha ya mbali. Zikififia pamoja, chombo kimenyooka. Fito ya mbali ikibaki inachungulia upande wa kulia, omo imeinuka kulia, na hata milimita tano utaiona. Weka tofali juu ya pembe iliyoinuka, au kabari chini ya iliyolala, legeza nyaya za jirani, tazama tena. Kisha pima kutoka ncha ya omo hadi kila pembe ya tezi. Tofauti isizidi milimita 3. Chombo kilichokwenda kombo kitapiga bisho, yaani kukata upepo kuelekea unakotoka, vizuri upande mmoja na kugoma upande wa pili, wala hakuna tanga litakaloponya hilo. Hapa ukitumia siku mbili hujachelewa.

Gundi ni epoksi, kilo 8 hadi 10 kwa kazi yote. Uwiano na kigumishi, ile dawa ya kuikausha, ni ule ulioandikwa na mtengenezaji, uwe mbili kwa moja au tano kwa moja. Kuongeza kigumishi ili ikauke upesi ni kosa: kinachozidi hakina cha kuungana nacho, na gundi inabaki laini. Changanya kidogo kidogo. Gundi ikikaa kwa wingi ndani ya kopo inajipasha moto yenyewe, na joto hilo linazidi kuiharakisha mpaka inafuka moshi na kuyeyusha kopo la plastiki. Imimine mara moja kwenye sinia pana. Kumbuka pia kwamba joto likipanda nyuzi 10, muda wako unapungua karibu nusu, kwa hiyo usifuate saa za video za watu wa nchi za baridi.

Kabla ya kujaza kona za ndani ambako mbao zinakutana, paka mbao gundi nyembamba isiyo na unga wa mbao. Mbao kavu ni mlevi. Itainywa gundi yote na kukuachia unga mtupu kwenye kiungo. Halafu changanya gundi na unga laini wa mbao mpaka ikiinuliwa kwa kijiti isidondoke. Jaza kwanza katikati ya nyaya tu. Ikikauka, chomoa nyaya (uliong'ang'ania upashe moto kidogo, utatoka), kisha jaza kona yote na uisawazishe kwa kijiti cha duara chenye nusu kipenyo cha milimita 20. Kabla haijakauka kabisa, laza utepe wa faibaglasi wa milimita 75 na uuloweshe mpaka weupe uishe.

Kesho yake utakuta juu ya gundi kuna utando kama nta. Osha kwa maji na dodoki gumu kwanza, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unausukumia ndani, na rangi itabanduka. Vaa glavu na kitambaa cha pua kila siku. Mzio wa epoksi ukishakuingia hautoki, na vumbi la gundi isiyokomaa ndilo baya zaidi.

Mkono wa kwanza wa kupaka mbao zote uupake jioni joto linaposhuka. Ukipaka asubuhi, hewa iliyo ndani ya mbao inatanuka jua likipanda na kukuachia mapovu. Mikono mitatu inatosha, kisha rangi au vanishi ya kuzuia jua, kwani jua huila epoksi.

Sanduku la ule ubao wa kati, unaozuia chombo kusukumwa ubavuni, ndilo huvuja kuliko pote. Lipake ndani mikono mitatu kabla ya kulifunga. Baadaye brashi haifiki.

Mlingoti: ubao wa pande nne wa milimita 60, nyuzi zimenyooka, bila vifundo vikubwa. Laza rula kimshazari ili sifuri na 24 ziguse kingo mbili, tia alama kwenye 7 na 17. Chonga pembe hadi alama hizo, unapata pande nane sawasawa. Mlingoti unapokuwa mwembamba juu, unazidi tu kuilaza rula. Nane zikatwe kuwa kumi na sita, zilizobaki ni za msasa.

Usukani: chuma cha chini kiwe na pini ndefu kuliko ya juu kwa sentimita moja au mbili. Ukiwa majini unayumba, utashukuru kutafuta tundu moja kwanza na si mawili kwa pamoja.

Vyumba vya hewa, vile vya kukifanya chombo kielee hata kikijaa maji, viwe na vifuniko, uvifungue kila chombo kikiwa nchi kavu. Mvua huozesha mbao haraka kuliko maji ya bahari. Ukitaka kujua kama vinavuja, paka maungio povu la sabuni, pulizia kwa mdomo kupitia bomba la mpira. Usitumie pampu, vitapasuka.

Ukimaliza kufunga nyaya, nipigie picha ukiwa umepiga goti nyuma ya tezi, fito zote mbili zionekane. Gundi usiifungue mpaka nikujibu.

Msalimie mama na wadogo wote.

Kaka yako