Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Kikohozi cha bwenini kisisubiri likizo

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia wewe, na si mwenzako wa Elimu wala wa Afya, kwa sababu shule zetu za sekondari na zahanati zilizo jirani nazo zote husimamiwa na halmashauri, na halmashauri ziko chini yako. Mimi ni matroni wa bweni la wasichana huku Nyanda za Juu Kusini, na jambo lililonileta ni kifua kikuu.

Mwanafunzi anapokuja kuanza kidato cha tano, fomu yake ya kujiunga ina ukurasa wa daktari. Tunaukagua, tunauweka kwenye faili, basi. Baada ya hapo hakuna anayemuuliza tena habari za kifua chake.

Ingia bwenini saa nne usiku mwezi wa Julai. Vitanda vya deka vimejipanga hadi mlangoni, katikati mtu anapita kwa ubavu. Madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, na palipovunjika kioo wasichana wamepachika kipande cha boksi. Mmoja wao akiwa na TB ya mapafu, wenzake wanavuta hewa hiyo hiyo hadi alfajiri, na jioni wanakaa naye tena prepo. Tumewakataza kuchangia vikombe, wakati kikombe hakiambukizi kifua kikuu. Kinachoambukiza ni hewa.

Kikohozi chenyewe huanza polepole. Mtoto anapewa Panadol na dawa ya chupa, ikiisha anapewa nyingine. Akikosa vipindi anaambiwa anatega. Sketi ikianza kumpwaya, lawama zinaenda kwa maharage ya shule. Naye anaogopa kusema, maana ikitajwa TB tu wenzake watanong'ona kuwa ana UKIMWI. Nimewaona wasichana wakikohoa huku wamejifunika mto usoni wasisikike.

Wazazi nao hulitegemea kovu la begani. Chanjo ya BCG huwakinga watoto wadogo dhidi ya TB kali, hasa ile ya ubongo, lakini haitoshi kumlinda msichana wa miaka 17 na TB ya mapafu.

Naomba utoe waraka: mwanafunzi yeyote aliyekohoa wiki mbili apimwe makohozi, bila kusubiri mtu aridhike kwamba anaumwa kweli. Si lazima hata atoke shuleni. Kikopo chake kinaweza kupelekwa siku hiyo hiyo kwenye kituo chenye mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu ndani ya saa mbili. Akikutwa nayo, wachunguzwe wote wanaolala naye chumba kimoja, na wataalamu waamue nani kati ya wasiougua apewe dawa kinga.

Halafu asipoteze shule. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Dawa ni bure, matibabu ya TB ya kawaida ni miezi sita, na anayemeza dawa inavyotakiwa huacha kuambukiza ndani ya wiki chache. Wiki hizo akae pembeni, kisha arudi darasani, dawa azimeze mbele yangu kila siku, na siri yake ibaki kwetu. Tukimtimua mmoja, wote wanaokohoa watajifunza kunyamaza, na hapo hakuna waraka utakaotusaidia.

Na madirisha, Mheshimiwa. Wanaokuja kukagua bweni huhesabu vitanda. Wahesabu pia madirisha yanayofunguka, na fedha za ukarabati zianzie kwenye vioo na nyavu za mbu. Kama kwa mikoa ya baridi itabidi kuongeza blanketi la pili kwenye orodha ya mahitaji ya mwanafunzi, liongezwe. Wazazi tutazungumza nao sisi.

Wako katika kulea watoto,
Matroni wa bweni la wasichana