Sapoti, usiache simu ikuchagulie aitemu

Mhariri,

Salamu kutoka Busia, upande huu wa Uganda. Gazeti lenu likifika huku linapita mikono mingi na kurasa za michezo ndizo zinachakaa kwanza, lakini zote ni mpira tu. Sa mimi naomba nafasi niongee kuhusu michezo ya simu, ile ya watu watano kwa watano, hasa Mobile Legends, maanake vijana huku tunaichezanga sana na hakuna mtu anayetuambia kitu chochote cha maana kuihusu zaidi ya kutuambia tuache. Na ndani ya gemu hiyo nataka niongee kuhusu mtu mmoja tu, sapoti, msaidizi wa timu, yule tunamuita roamu, na aitemu, yaani vifaa anavyonunua ndani ya mechi.

Mechi ikianza kila mtu anataka kuwa marksmani, mpigaji wa mbali, au jangla, yule anayewinda msituni, apige, aue, jina lake litokee juu. Anayechelewa kuchagua ndiye anasukumiwa roamu. Na kwa sababu ameichukua kwa hasira hata kununua hanunui kwa akili, kile kipicha cha aitemu kinachotokea pembeni ya skrini goldi, pesa ya mechi, ikitosha anakigonga, kingine kikija anakigonga, mpaka mechi inaisha hajafungua duka hata mara moja. Simu ndiyo imemnunulia. Na ile orodha ya simu ilipangwa kabla ya mechi, haijui mko na nani wala mnapigana na nani. Marksmani anaweza kuishi na orodha hiyo, kazi yake ni kutoa demeji, yaani kuumiza maadui, na aitemu zake hazibadiliki sana kutoka mechi moja hadi nyingine. Sapoti ni tofauti kabisa, vitu vyake karibu vyote vinazuia kitu fulani cha adui, na kama hicho kitu hakipo upande wa pili basi umetupa goldi.

Chukua Karrie, hiro (mhusika unayemchezesha) wa aina ya marksmani. Juzi jioni tulikuwa barazani kwa jirani, mwenzetu mmoja ana Tigreal, tanki, hiro mgumu wa kusimama mbele, upande wa pili kuna Karrie. Simu ikampendekezea aitemu za kuongeza damu, yaani uhai wa hiro, akazigonga zote, damu yake ikawa ndefu kweli kweli. Karrie akawa anamyeyusha tu kila tukikutana, jamaa anashangaa, anasema gemu ina makosa. Haina makosa. Karrie akikupiga alama zinajaa juu yako, zikishajaa inatoka demeji inayohesabiwa kutoka kwa damu yako yote, na hiyo haijali difensi uliyovaa, kwa hiyo ukiongeza damu ndivyo unavyomuongezea yeye. Kinachomsumbua Karrie ni kupunguziwa kasi ya mkono. Ndio hapo aitemu ya Dominance Ice inaingia, ukimkaribia nayo mapigo yake yanakuja polepole, alama zinachelewa kujaa, na marksmani wenu anapata zile sekunde mbili tatu za kummaliza. Hiyo ndiyo kazi ya sapoti hapo, kununua hizo sekunde, na kwenye orodha ya simu ilikuwa imewekwa huko mwisho kabisa ambapo mechi nyingi hazifiki.

Dominance Ice hiyo hiyo inapunguza pia kujazwa damu. Kwa hiyo ukiona upande wa pili kuna Estes anayeponya timu nzima, au Uranus, au Alucard anayejinyonyea damu kwa kukupiga, usingoje. Watu wengi wanainunua wakiwa wameshapigwa mara tatu, lile dubwana Lord limeshachukuliwa na adui, minara imeanguka, ndio mtu anauliza nani ana aitemu ya kuzuia damu? Na mara nyingi wanamwambia marksmani anunue Sea Halberd. Sawa, ni aitemu nzuri, lakini mimi naona sapoti au tanki ndiye wa kwanza kubeba huo mzigo, kwa sababu mwenye demeji akiacha aitemu zake kuu ili azuie damu timu nzima inachelewa kupata nguvu, wakati wewe unasimama mbele kabisa na aitemu yako inawafikia maadui wote walio karibu nawe.

Halafu kuna suala la uchawi, na hapa watu wanachanganya sana. Wanaona meji, hiro wa uchawi, wananunua Athena's Shield, basi wamemaliza. Athena ni nzuri kwa meji anayekutupia kila kitu kwa mara moja kama Eudora, radi moja na umekwisha. Lakini Chang'e hapigi hivyo, yeye anakumwagia vidogo vidogo bila kuacha, na kwa demeji ya namna hiyo ndio kuna Radiant Armor, inaongeza ugumu kadiri unavyoendelea kupigwa. Meji wote wawili, aitemu mbili. Ukiwaangalia kwa jina la meji tu hutaona tofauti, lazima uangalie anavyopiga. Viatu nayo ni hivyo hivyo, Warrior Boots kama wanaokupiga kwa mkono ndio wengi, Tough Boots kama unafungwa fungwa na stani kila saa maanake inakata muda wa kufungwa. Banange, viatu ni kitu cha kwanza unanunua, na mtu anavichukua bila hata kuangalia majina ya hiro watano walio mbele yake!

Juu ya viatu unachagua baraka ya roamu, yaani nguvu ya ziada, na ziko nne: Conceal, Encourage, Favor na Dire Hit. Ukiwa na Estes au Rafaela chukua Favor, inaongezea wenzako damu kila ukiponya, hapo sina mjadala. Ukiwa na Tigreal au Atlas, hiro wa kuanzisha vita, mimi nachukua Conceal, mnapotea pamoja na mwendo unaongezeka, adui anashtuka tu mko juu yake. Encourage ni ya timu yenye marksmani anayejua kazi, inamuongezea nguvu akiwa karibu nawe, sa kama marksmani wako anakaa leni yake, njia yake, mechi nzima peke yake umemnunulia nani? Dire Hit sipendi sapoti aichukue. Najua kuna watakaobisha lakini mara nyingi anayeichukua anataka kumalizia maadui wenye damu kidogo, yaani anataka kilo, idadi ya kuua, na sapoti anayewinda kilo anaacha marksmani peke yake kichakani.

Kuna jambo lingine ambalo sijaona mtu akilizungumza na linatuhusu sisi wa huku, intaneti. Tangu Julai 2018 tulikuwa tunalipa zile shilingi 200 kwa siku za kuingia mitandao ya kijamii, zikaondolewa Julai 2021 ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Kwa hiyo mechi kwetu ni pesa, na pingi, kuchelewa kwa mtandao, ikipanda katikati ya vita huwezi kusema ngoja nirudie. Sasa aitemu ziko aina mbili, ile inayofanya kazi yenyewe ukishaivaa na ile lazima uibonyeze kwa wakati wake. Kwa mtandao unaokwama, ile ya kubonyeza inakusaliti, umebonyeza na simu inajibu baada ya mwenzako kufa. Mimi nawaambia wenzangu wa hapa wazi kabisa, kama aitemu mbili zinakaribiana faida na mtandao wako si wa kuaminika, chukua inayofanya kazi yenyewe. Dominance Ice haingoji kidole chako. Antique Cuirass haingoji, adui akikupiga kwa skili nguvu yake inashuka yenyewe. Immortality inakufufua yenyewe. Bildi nyingi, yaani orodha za aitemu za kuiga, zinatoka kwa mapro wenye intaneti ya uhakika, hawafikirii mtu wa Busia ambaye mvua ikinyesha mtandao unakimbia.

Wanaocheza kwenye kompyuta wana shida hii zaidi. Kwenye Dota 2 sapoti ana Force Staff, Glimmer Cape, Mekansm, zote za kubonyeza, na bado anabeba wadi, zile za kupandwa kwenye ramani ili timu ione adui. Observer Ward hulipii lakini inaishi dakika 6 tu halafu inazima, kwa hiyo ukiisahau timu nzima iko gizani. Sisi wa Mobile Legends hatuna wadi kabisa, macho ni mwili wako, unaingia kichakani mwenyewe kuangalia, na ndiyo maana naona roamu wa simu anahitaji difensi mapema kuliko sapoti wa kompyuta. Mtu akikuletea bildi ya Dota au ya League of Legends akuambie fanya hivi hivi, mkatalie.

Na asije mtu akasema aitemu za sapoti ni vitu vidogo. Mwaka 2017 kwenye mashindano ya dunia ya League of Legends huko China, aitemu moja ya sapoti, Ardent Censer, ndiyo ilishika mashindano mazima. Ukimponya au kumpa ngao mwenzako ilikuwa inamuongezea kasi ya kupiga, na timu zikawa zinakimbiza sapoti aipate haraka kuliko kitu kingine. Fainali ilikuwa Beijing, Samsung Galaxy wakawafunga SKT 3-0. Na kwenye Dota 2, timu ya OG walichukua The International, mashindano yake ya dunia, mwaka 2018 na wakarudia 2019, nahodha wao N0tail alikuwa sapoti, tena yule wa namba tano anayepata goldi kidogo kuliko wote. Unakuwaje bingwa wa dunia mara mbili kama kazi yako haina maana?

Sasa kwa anayetaka kuanza, afanye hivi tu. Kila ukifa, usitupe simu wala kumtukana mtu, fungua ule ubao wa alama uangalie nani upande wa pili ana goldi nyingi, halafu uangalie ameshanunua nini. Huyo tajiri ndiye unamnunulia aitemu ya kumzuia, si yule anayekuudhi kwenye chati. Kama tajiri ni marksmani nunua ya kupunguza kasi ya mkono, kama ni meji nunua ya uchawi, na kama hapo katikati tajiri amebadilika nawe badilika, Mobile Legends inakuruhusu kununua popote ulipo bila kurudi nyumbani kwa hiyo huna kisingizio. Usikae na goldi mfukoni ukingoja aitemu kubwa ijae, nunua vipande vyake kidogo kidogo maanake kila kipande kinakupa kitu, na sapoti anapata goldi polepole. Hata kocha wa mpira anapanga mabeki akijua nani anawashambulia. Halafu sema kwa sauti umenunua nini. Sisi hapa tuna Wasamia, Wateso, na wenzetu wa ng'ambo ya mpaka Kenya, kwenye maiki tunaongea Kiswahili kwa sababu ndicho wote tunakisikia, na neno kama "nina Immortality, ingieni" linafanya watu wanne wasogee mara moja, wakati usiposema unaingia peke yako, unakufa, unafufuka, unakufa tena.

Ombi langu kwenu Mhariri ni nusu ukurasa tu, hata mara moja kwa mwezi, wa michezo hii, iandikwe kwa Kiswahili na watu wanaoicheza. Wafilipino walichukua dhahabu ya Mobile Legends na ya Dota 2 kwenye michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia mwaka 2019, dhahabu inayohesabiwa pamoja na ya riadha na ya ndondi, na huku kwetu kijana anayejua kwa nini Radiant Armor si Athena's Shield hana pa kuandika. Mkikubali, mada ya kwanza iwe tanki na sapoti, marksmani wangoje, wao tayari wanaongelewa kila mahali. Na apdeti zikija zikabadilisha aitemu, kama zinavyobadilishanga, tuambiwe kwa Kiswahili kilichobadilika kabla hatujamaliza bando kujua wenyewe.

Mchezaji wa roamu,
Busia, Uganda